Twanga Hata Zisibaki Chenga

Kamituga, katika eneo la Mwenga, Kivu ya Kusini, ni mji wa dhahabu. Huko sauti ya mchi si ya muhogo wala ya mahindi peke yake. Wako akina mama waketio mbele ya vinu vya chuma, wakitwanga mawe yaliyotoka machimboni ili dhahabu iliyojificha ndani yake ipate kutoka. Wamepewa jina lililounganisha lugha mbili, «mamans twangaises»: kutwanga kwetu kumevikwa mkia wa Kifaransa, na kila mtu aelewa. Ni kazi nzito, na vumbi lake huumiza kifua. Tena, mashine za kusagia mawe zimekwisha kuwanyang'anya wengi sehemu ya riziki hiyo.

Tazameni namna mama afanyavyo. Atia mawe kinuni, atwanga, achekecha. Unga uliopita huwekwa kando, tayari kwa kuoshwa. Chenga zilizobaki juu ya chekeche hurudishwa kinuni. Atwanga tena, achekecha tena, hata chekeche libaki tupu. Hakuna aliyemwagiza atwange mara 200 wala 300, kwani jiwe moja ni gumu na jingine ni laini. Agizo ni moja tu: twanga hata zisibaki chenga.

Basi, ninyi wanafunzi mnaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, hilo ndilo somo la mzunguko. Kompyuta haichoki, lakini pia haijui kitu isipoambiwa. Ukitaka irudie jambo mara 1,000, huna haja ya kuandika amri 1,000. Waandika amri zile chache mara moja, kisha waiambia izirudie. Hata ukikosea, kosa utalisahihisha mahali pamoja tu.

Kuna kurudia kwa hesabu. Katika lugha ya LOGO, iliyotungwa Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, mwanafunzi huiambia kompyuta: nenda hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia hayo mara 4. Mraba umekwisha kuchorwa kiooni. Kuna na kurudia kwa sharti, kama kule kinuni, ambako idadi haijulikani mbele. Hapo kompyuta hutazama kila mara kama sharti limetimia. Aina hii ya pili ndiyo yenye hatari. Amri zisipobadili kitu chochote, sharti halitatimia kamwe, na kompyuta itazunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Msidhani kwamba hilo huwapata wanafunzi tu. Tarehe 31 Desemba 2008, vyombo vingi vya kusikilizia muziki vilivyoitwa Zune, vya kampuni kubwa ya Microsoft, viliganda vyote siku moja. Wenyewe walibonyeza, wapi! Kumbe kosa lilikuwa katika mzunguko mdogo wa mistari michache, ndani ya saa ya chombo.

Saa ile ilihesabu siku tangu tarehe 1 Januari 1980. Ili ijue mwaka, iliagizwa hivi: maadamu siku zimezidi 365, ondoa siku za mwaka mmoja, ongeza mwaka, kisha rudia. Kwa mwaka wa kawaida iliondoa 365. Kwa mwaka mrefu iliambiwa: kama siku zimezidi 366, ondoa 366. Maneno hayo yasikika sawa, nami nakiri kwamba nilipoyasoma mara ya kwanza sikuona kasoro yoyote.

Lakini mwaka 2008 ulikuwa mwaka mrefu, na siku yake ya mwisho ni ya 366 kamili. Je, 366 zimezidi 365? Naam, basi endelea kuzunguka. Je, zimezidi 366? Hapana, basi usiondoe kitu. Rudi mwanzoni: je, 366 zimezidi 365? Naam. Na hivyo hivyo bila kikomo. Ilikuwa kama chenga moja isiyopita katika chekeche, na kumbe mwenye kinu amekatazwa kuitwanga. Kesho yake siku zilikuwa 367. Zikiondolewa 366 hubaki 1, na mzunguko ukapata njia ya kutoka. Wenye vyombo walishauriwa waache betri iishe kabisa, kisha wachaji upya mwaka mpya ulipoingia.

Dawa yake ilikuwa agizo moja fupi: katika mwaka mrefu, siku zikiwa 366 kamili, toka katika mzunguko.

Jambo hili laweza kujaribiwa nyumbani kwa kalamu na karatasi, baba au mama akisoma amri, na mtoto akizitii kama kompyuta bila kuongeza akili yake. Anzeni na mwaka 1980, ambao ni mrefu, na siku 731. Mtaondoa 366, zitabaki 365, nanyi mtasimama katika tarehe 31 Desemba 1981. Kisha anzeni tena kwa siku 366 na amri zilezile za zamani, mwone mtoto atachukua muda gani kabla hajaitupa kalamu.