Kijana Anayetoka Mikononi mwa Walezi Anahitaji Mlango wa Kazi

Kila mwaka, vijana waliolelewa na wazazi walezi au katika makao ya watoto hutimiza umri wa miaka 18. Kisheria, kijana huyo si mtoto tena. Mwenzake anayeishi na wazazi hubaki nyumbani huku akitafuta chuo au kibarua. Yeye mara nyingi hutakiwa kujitegemea mara moja, bila pesa za kodi ya chumba wala mjomba wa kumtambulisha kwa fundi wa Kitale au mwenye duka Bungoma.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatambua njia kadhaa za kumlea mtoto asiyeweza kuishi na wazazi wake, zikiwemo malezi ya jamaa, malezi ya muda kwa mzazi mlezi, ulezi wa kisheria na kuasili. Mwaka huohuo, serikali ya kitaifa ilizindua mkakati wa mageuzi ya malezi wa hadi 2032, unaolenga watoto walelewe katika familia na jamii badala ya makao. Kazi hiyo itapotea bure iwapo kijana atatunzwa vyema hadi miaka 18, kisha aachwe njia panda.

Stakabadhi zianze mapema

Bila kitambulisho cha kitaifa, ni vigumu kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki au kuandikwa kazi. Maombi ya kitambulisho cha kwanza kwa kawaida huhitaji cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, vitu ambavyo vijana wengi wa kundi hili hawana. Walezi wanashauriwa kumwona afisa wa watoto na chifu kabla kijana hajatimiza miaka 18, ili barua na vyeti vinavyohitajika viwe tayari.

Ujuzi utambuliwe

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Kitale pia kuna chuo cha kitaifa cha ufundi anuwai, na Kaunti ya Bungoma ina chuo cha Sang'alo. Kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma, kushona au kutengeneza pikipiki katika jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na kupata cheti kinachotambuliwa na waajiri.

Wajibu wa mwajiri

Anayempokea kijana kama mwanagenzi amweleze kazi, saa na posho tangu siku ya kwanza, na amkabidhi kwa msimamizi mmoja anayejulikana. Muda ukiisha, ampe barua inayotaja kazi alizofanya. Kwa kijana asiye na wa kumdhamini, barua hiyo ndiyo mdhamini wake. Aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi hatari wala ya kumtoa shuleni.

Historia ya kijana ni siri yake. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Haifai kumtambulisha mbele ya wateja kama "yule wa makao".

Maarifa yao yana thamani

Vijana hawa wanajua jinsi mtoto anavyohisi anapohamishwa ghafla au kutenganishwa na ndugu zake. Maarifa hayo yanafaa katika mafunzo ya wazazi walezi na vikao vya kupanga huduma za watoto. Hata hivyo, mara nyingi huitwa tu kusimulia maisha yao, kisha huondoka na soda na nauli. Anayeitwa kutoa ushauri apewe ajenda mapema, alipwe kama wakufunzi wengine, na awe na uhuru wa kukataa swali au kupigwa picha.

Walio tayari kujiajiri wanaweza kuungana na vijana wenzao na kusajili kikundi au kampuni. Serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Mkazi aliye na nafasi ya uanagenzi, au anayemlea kijana anayekaribia miaka 18, anahimizwa kufika katika ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yake. Mtoto aliye hatarini anaweza kusaidiwa kwa kupiga simu bila malipo, nambari 116.