Kitabu cha PDF hakionjwi: Muuzaji asubiri kuku wauzwe ndipo aombe ushuhuda

KATIKA soko la nafaka la Tandale, mnunuzi wa mahindi huingiza mkono ndani ya gunia, akatoa punje mbili tatu na kuzitafuna ili ajue kama zimekauka. Anayenunua kuku Shekilango humshika na kumpapasa kifua. Hata fundi anayenunua saruji pale Tegeta ana cha kutazama: mfuko wa kilo 50, alama ya kiwanda ambacho kimekuwa kikizalisha Wazo tangu mwaka 1966, na nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mnunuzi wa kitabu cha PDF kuhusu ufugaji wa kuku hana hata kimoja kati ya hivyo. Anaona picha ya jalada kwenye simu, bei na namba ya kulipia. Akitaka kuonja kwanza, muuzaji atakuwa amekwisha kumpa bidhaa yenyewe, kwa sababu ukurasa uliosomwa haurudishwi.

Biashara ya aina hii imeingia katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam kama Wazo na Bunju upande wa Kinondoni, au Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, ambako si ajabu mtu mmoja kuwa na ajira, banda la kuku nyuma ya nyumba na simu ya kisasa mfukoni. Anayejua kufuga anaandika anachokijua. Wengine wanauza michoro ya mabanda, majedwali ya hesabu za chakula au masomo ya video. Kulipia kumekuwa kazi nyepesi tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na baadaye huduma za kampuni nyingine, huku nakala ya pili ya kitabu ikiwa haimgharimu mwandishi chochote zaidi ya bando. Kinachowashinda wengi ni kuaminiwa.

Na wateja wana sababu ya kutokuamini. Ni Mtanzania gani mwenye simu ambaye hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ililazimika kuweka namba maalumu, 15040, ya kupelekea taarifa za ujumbe wa namna hiyo. Muuzaji mwaminifu wa kitabu anamfikia mteja akiwa amevaa nguo zile zile za tapeli: namba isiyofahamika, na ombi la fedha kwanza.

Hata hivyo, kinachomzuia mfugaji zaidi si bei ya kitabu, ambayo tuseme ni Sh5,000. Atakayefuata mwongozo atanunua vifaranga 100, chakula, chanjo na mkaa wa kulelea. Ratiba ya chanjo ikiwa na kosa, hasara yake ni banda zima. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela anataka kujua jambo moja tu: je, yupo mtu aliyeufuata mwongozo huu mpaka mwisho na kuku wake wakafika sokoni?

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliieleza hali hii mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hukubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zima huona anapunjwa, akaliondoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Makala hiyo ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa, lakini mwaka 2001 ilimpatia mwandishi wake sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ukiweka "kitabu" mahali pa "gari", hesabu haibadiliki. Mtaalamu wa mifugo aliyeandika kwa miezi sita anauza kwa bei ile ile ya mtu aliyenakili kurasa kumi kwa usiku mmoja, kwa kuwa majalada yao yanafanana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Ni kweli kwa embe na kwa samaki. Bidhaa isiyoonekana mpaka ilipiwe haiwezi kujiuza yenyewe, inamhitaji aliyekwisha kuionja aseme.

Thamani ya neno hilo la mteja imewahi kupimwa. Mnada wa mtandaoni wa eBay wa Marekani ulianza mwaka 1995, na mwaka 1996 mwanzilishi wake, Pierre Omidyar, akaweka utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kuandikiana sifa na lawama hadharani. Miaka kadhaa baadaye watafiti wakiongozwa na Paul Resnick walimtumia muuzaji mzoefu wa postikadi za zamani. Postikadi za ubora sawa ziliuzwa, nyingine kwa jina lake lenye sifa nyingi, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi pale walipoona jina lenye historia. Bidhaa na mtu aliyezifunga bahasha walikuwa wale wale.

Kwa muuzaji mdogo, habari njema zaidi imo katika utafiti wa mwaka 2017 wa Kituo cha Spiegel cha Chuo Kikuu cha Northwestern, nchini humo humo. Bidhaa yenye maoni matano ilikuwa na uwezekano wa kununuliwa zaidi ya mara tatu na nusu ukilinganisha na isiyo na maoni kabisa. Mwenye wateja 20 hahitaji kusubiri awe na 2,000.

Stakabadhi si ushuhuda

Tatizo ni namna ushuhuda unavyotafutwa. Wauzaji wengi huuomba dakika chache baada ya kutuma faili. Mteja hajafungua hata ukurasa wa kwanza, anajibu: "Asante nimekipata, ubarikiwe." Muuzaji anapiga picha ya skrini na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Hiyo ni stakabadhi ya mapokezi. Inathibitisha kuwa faili lilifika, na hilo si dogo katika nchi yenye matapeli, lakini haimwambii mnunuzi ajaye lolote kuhusu kilichomo.

Kwa miongozo ya kilimo na ufugaji, tarehe ya kuomba maoni inatakiwa itoke kwenye zao lenyewe. Mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Broila huuzwa wakiwa na wiki tano au sita. Tikiti maji huchukua siku 70 hadi 90. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi, na papai huhitaji miezi minane hadi kumi tangu kupandikizwa mche. Mwandishi wa kitabu cha papai anayeomba ushuhuda baada ya wiki mbili anamlazimisha mteja ama kunyamaza ama kusema uongo wa adabu.

Aidha, si kila mnunuzi huanza siku aliyonunua. Wapo wanaokaa na kitabu hadi mshahara utoke au banda likamilike. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza, wiki moja hivi baada ya mauzo, uwe wa kuuliza tu: umeshaingiza vifaranga, na ni lini? Tarehe hiyo ikishajulikana, hesabu inaanzia hapo.

Katikati upo ujumbe mwingine ambao wauzaji wachache huufikiria. Ratiba nyingi za chanjo huweka chanjo ya mdondo siku ya saba na ya Gumboro siku ya 14, ingawa mfugaji anapaswa kuithibitisha kwa ofisa mifugo wa kata yake. Muuzaji anayemkumbusha mteja siku ya sita hatumii hata Sh100, na pengine ameokoa banda. Mteja aliyekumbushwa siku ya chanjo haoni uzito kujibu maswali mawili wiki ya sita.

Maswali yenyewe nayo yana kazi. "Umekionaje kitabu?" huzaa jibu la "kizuri sana". Afadhali kuuliza ulianza na vifaranga wangapi, wamekufa wangapi, umeuza wangapi, na ukurasa gani ulikukwamisha. Jibu kama "nilianza na 100, nimeuza 91, ila sehemu ya kuchanganya chakula sikuielewa" lina uzito kuliko mistari kumi ya sifa, kwa sababu mfugaji mwingine anaweza kulipigia hesabu. Asiyependa kuandika aruhusiwe kutuma ujumbe wa sauti. Wapo wateja ambao kidole kinawapa shida lakini wakishika kitufe cha sauti watazungumza dakika nne bila kuchoka.

Ipo pia hulka yetu. Kumkosoa mtu usoni huonekana ukorofi, hivyo mteja ambaye hakuridhika humpongeza muuzaji, kisha akawasimulia majirani zake ukweli. Muuzaji anabaki na sifa na mauzo yanashuka, asijue kwa nini. Anayetaka ukweli ni lazima auombe waziwazi: "Niambie pia kilichokukera."

Lawama kutoka Njombe

Wengi wanaogopa ombi hilo. Hawana sababu kubwa. Katika jaribio lile la postikadi, lawama moja au mbili kwenye majina mapya hazikupunguza bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kulipa. Utafiti wa Spiegel nao ulikuta kuwa mnunuzi huvutiwa zaidi na bidhaa yenye wastani wa nyota 4.0 hadi 4.7 kati ya tano. Zikikaribia tano kamili, anaanza kushuku.

Kwa mkulima lawama ina faida nyingine. Chukulia kitabu cha ulezi wa vifaranga kilichoandikwa na mfugaji wa Salasala. Kwa joto la Dar es Salaam, jiko moja la mkaa na mapazia ya viroba huweza kutosha, naye ameandika hivyo hivyo. Kitabu cha karatasi kingezunguka Tegeta na Mwenge. Cha PDF kinafika Njombe kwa sekunde chache, na huko mwezi Juni baridi ni kali. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, popote alipo. Mteja wa Njombe akifuata "jiko moja" bila kipimajoto, vifaranga watarundikana usiku na kukandamizana hadi kufa.

Mteja huyo akiandika kwa hasira kuwa kitabu kimemtia hasara, muuzaji ana njia mbili. Anaweza kumzuia kwenye simu. Au anaweza kumwomba radhi, kumuuliza alitumia majiko mangapi na banda lina ukubwa gani, kisha akaongeza ukurasa wa mikoa ya baridi na kuwatumia nakala mpya wote waliokwisha kununua. Kazi hiyo ingemgharimu mchapishaji wa vitabu vya karatasi toleo zima. Kwa faili ni jioni moja. Lawama ya Njombe ikiwekwa hadharani pamoja na jibu lake na tarehe ya marekebisho, mnunuzi wa Mbeya au Lushoto ataona kuwa nyuma ya namba ile kuna mtu anayejibu.

Sifa za kununua

Njia ya mkato ipo, na inatumika: kuwapa marafiki hela waandike sifa, au kujiandikia mwenyewe kwa laini ya pili. Duniani mlango huo unafungwa. Mwaka 2016 Amazon ilipiga marufuku maoni yanayotolewa kwa malipo ya bidhaa za bure nje ya mpango wake yenyewe, na Google hairuhusu wenye programu kutoa zawadi ili wapewe nyota. Marekani iliweka kanuni inayoadhibu kununua na kuuza maoni ya uongo, iliyoanza kutumika Oktoba 21, 2024. Hapa nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji.

Kumpa mteja zawadi kwa kutoa muda wake si kosa lenyewe, ila zawadi isifungwe kwenye sifa. Punguzo la kitabu kijacho lipewe aliyelalamika sawa na aliyesifu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kila siku kwenye stetasi. Picha ya skrini yenye jina, sura na namba ya simu ya mteja ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Muuzaji aombe ruhusa kwanza, aihifadhi ruhusa hiyo, na afute namba. "Mfugaji, Chamazi, broila 100, Machi" inatosha kabisa.

Kwa kuwa WhatsApp haihesabu nyota, kazi ya kumbukumbu inabaki kwa daftari. Mistari minne inatosha kwa kila mteja: siku aliyonunua, siku aliyoanza, siku ya kumuuliza, na alichosema. Aliyenunua kitabu cha broila leo na kuingiza vifaranga wiki ijayo aandikiwe wiki ya saba kuanzia leo. Wa papai akipanda Machi, ukurasa wake ukunjwe hadi Novemba.