Mtoto Akiuliza Wale ni Akina Nani

Mzazi wa Ivuna akipata nafasi ya kumfikisha mwanawe Zanzibar, huwaza kwanza bahari. Lakini Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, lipo Kanisa la Kristo la Waanglikana, na mtoto akitoka hapo ana maswali.

Hapo palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alikubali kulifunga Juni 1873. Jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare. Nguzo kadhaa zimesimama kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza askofu akiwa safarini, na watoto huipenda sana hadithi hiyo.

Uani hakuna kicheko. Ndani ya shimo wamesimama watu watano wa mawe, shingoni wana minyororo ya kweli. Kumbukumbu hiyo ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Kanisani, dirisha la vioo linawakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa wakizuia majahazi ya watumwa, na askofu ana kaburi lake. Hawa watano hawana majina.

Usimvute mtoto apite haraka. Mwambie kwa maneno machache: walikuwa na mama zao, wakakamatwa, wakauzwa; wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, jirani na Songwe. Mdogo akiogopa, mbebe mkae kivulini kwanza. Akiuliza kama minyororo ile iliuma, mjibu ndiyo.