Wapiga Picha Wanaohifadhi Maisha Yetu, na Haki ya Anayepigwa Picha

Mkazi anapomwona mtu mwenye kamera mtaani, mara nyingi hujiuliza: picha hizi zinakwenda wapi, na za nini? Makala haya yanaeleza kazi za baadhi ya wapiga picha wa Kenya wa wakati huu, pamoja na mambo ambayo mkazi anafaa kujua kabla ya kukubali kupigwa picha.

Aina mbili za picha

Picha za maisha halisi hufuata watu, mahali au tukio, mara nyingi kwa muda mrefu, bila mpiga picha kupanga yanayotokea. Picha za sura humwonyesha mtu anayejua kwamba anapigwa, na mara nyingi mavazi, mwanga na mandhari huandaliwa mapema. Wapiga picha wengi hufanya zote mbili.

Kazi za kufahamu

• Brian Otieno, mzaliwa wa Kibera, alianza mradi wa Kibera Stories mwaka 2013. Mtaa huo ulikuwa umezoea kuonyeshwa kwa umaskini wake pekee. Yeye huonyesha pia kazi, michezo na sanaa za majirani zake.

• Boniface Mwangi alipiga picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Kuanzia mwaka 2009, maonyesho ya Picha Mtaani yalizipeleka barabarani katika miji mbalimbali ili wananchi wazitazame na kuzungumzia amani.

• Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Nairobi, alimpiga picha mwanamke mwenye ualbino akiwa Kibera, ili kuonyesha upweke wa mtu anayetengwa na jamii yake. Kazi hiyo, Stranger in a Familiar Land, ilipata tuzo katika tamasha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016.

• Thandiwe Muriu, katika mfululizo wa Camo, huwavisha wanawake nguo zinazofanana na kitambaa kilicho nyuma yao. Miwani hutengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, na picha huambatana na methali za Kiafrika.

Haki yako ni ipi?

Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Anayetaka kuitumia katika tangazo la biashara anapaswa kupata idhini yako kwanza, na una haki ya kuondoa idhini hiyo baadaye. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini shule iliyochapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo, sheria inatoa nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa zenye manufaa kwa umma. Kwa hiyo, si kila picha iliyopigwa mahali pa umma ni kosa.

Kabla ya kukubali, uliza:

1. Wewe ni nani, na unafanya kazi na nani?
2. Picha itatumika wapi, na kwa lengo gani?
3. Je, jina langu au mahali ninapoishi patatajwa?
4. Nitakupata vipi nikibadili nia?

Anayeona haki yake imekiukwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna, ambayo inatakiwa kuyakamilisha ndani ya siku 90.

Kwa vijana wenye kamera

Kisheria, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, hata kama ilipigwa kwa simu. Hifadhi picha zako asilia, andika tarehe na mahali, na kubaliana kwa maandishi na mteja kuhusu matumizi. Anza na mtaa unaoujua, na uwarudishie nakala wale uliowapiga. Picha hiyo huenda ikawa kumbukumbu pekee ambayo familia itabaki nayo.