Udongo Uli Maji: Karakana ya Mtaa wa Manchester
(Makala ya Pili)

Katika makala iliyotangulia nilieleza habari za mji wa Chicago, ambako mwaka 1991 Maggie Daley, mke wa meya wa mji ule, na Lois Weisberg, aliyekuwa mkuu wa idara ya utamaduni, walisimamisha mahema katika kiwanja kitupu kilichobomolewa majumba yake katikati ya mji, wakawaandika vijana 260 kwa ujira ili wajifunze sanaa mikononi mwa mafundi wenyewe. Na jinsi shughuli ile ya majira ya joto ilivyozaa, mwaka 2000, mpango wa kudumu wa kuwafundisha wanafunzi wa sekondari baada ya saa za masomo. Baada ya makala ile kutoka, msomaji mmoja wa Tanga, ambaye jina lake nalisitiri, aliniletea barua ya kunilaumu. Asema kuwa mtoto wa maskini ana haja ya hesabu na mkate, na kwamba kumtia katika michoro na vyungu jioni, ilhali asubuhi yake imempita patupu, ni sawa na kumvisha kilemba mtu asiye na kanzu. Hoja hii ina uzito, nami sitaijibu kwa hoja tupu. Nitaijibu kwa kisa cha mji mwingine wa Marekani, kisha nitakiri mahali ambapo kisa chenyewe hakinitoshelezi.

Mji huo ni Pittsburgh, mji wa chuma cha pua, uliojengwa pale ambapo mito ya Allegheny na Monongahela hukutana ikawa mto mmoja, Ohio. Upande wa kaskazini, kandokando ya Ohio, upo mtaa uitwao Manchester. Zamani ulikuwa makao ya watu wenye nafasi, na matofali ya nyumba zake yangali yanashuhudia. Lakini katikati ya karne ya 20 ulikuwa umekwisha kuingia katika ufukara, majumba yamehamwa, maduka yamepigiliwa mbao, na wakazi wake, wengi wao Wamarekani weusi, wamekuwa watu wa kusubiri kazi zisizofika. Huko ndiko alikokulia Bill Strickland, aliyezaliwa mwaka 1947.

Siku moja ya mwaka 1963, Strickland, kijana wa miaka 16 katika shule ya sekondari ya Oliver, ambaye masomo yalikuwa hayamwingii na ambaye hakuwa na azma yoyote ya maisha, alikuwa akipita ujiani akaona mlango wa darasa u wazi. Ndani mlikuwa na harufu ya kahawa na sauti ya muziki wa jazi, na mwalimu wa sanaa, Frank Ross, alikuwa ameinamia gurudumu la kufinyangia. Wafinyanzi wa mwambao wetu, aghalabu wanawake, hukipandisha chungu kwa mkono, kunjo juu ya kunjo, wakakilainisha kwa kombe; gurudumu hawalitumii, basi na nilieleze. Bonge la udongo huwekwa juu ya sahani izungukayo kwa kasi, na kazi ya kwanza ya mfinyanzi si kutengeneza chombo bali ni kuulazimisha udongo utulie katikati, maana usipotulia, kila kitakachojengwa juu yake kitayumba. Hubana viwiko mbavuni, akaukandamiza kwa kiganja hadi bonge lile, ingawa lazunguka, lionekane kana kwamba limesimama. Hapo ndipo adidimizapo dole gumba, kinywa kikafunguka, na kuta zikapanda baina ya vidole vyake kama kitu kiotacho. Mtu akiona mara ya kwanza hudhani ni mazingaombwe.

Kijana yule aliingia, akaomba afundishwe. Kwa muda wa miaka miwili iliyofuata aliishi katika chumba kile zaidi ya alivyoishi katika madarasa mengine, na yeye mwenyewe husimulia, kwa kicheko, kwamba walimu aliowakimbia vipindi vyao aliwapelekea vyungu alivyofinyanga, nao wakampa alama za kupita. Simsifu kwa hila ile, wala siipendekezi kwa wasomaji wangu walio shuleni. Lakini Ross hakumfundisha vyungu peke yake. Alimchukua hadi Fallingwater, nyumba mashuhuri iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright na kujengwa juu ya maporomoko ya maji katika misitu iliyo kusini-mashariki ya Pittsburgh, ili aone kwa macho yake jinsi nuru inavyoweza kuingia katika nyumba na jinsi jiwe linavyoweza kukaa kwa adabu. Kisha akamhimiza aombe nafasi katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ambako alipokewa kwa majaribio, na baada ya miaka mingi akaja kuwa mmoja wa wadhamini wa chuo kile kile.

Wahenga wetu walisema, udongo uwahi uli maji. Sisi walimu tumezoea kuitumia mithali hii kwa watoto wadogo, na katika kuitumia hivyo tumejipatia udhuru: mtoto akishafika miaka kumi na sita twasema huyu amekauka, hafinyangiki tena. Nilimwuliza mfinyanzi mmoja juu ya jambo hili, akanicheka. Udongo uliokauka tu, alisema, haujaharibika. Utie majini, utavunjika wenyewe na kuwa rojo, tena ukikauka barabara huyeyuka upesi kuliko ule ambao ungali na unyevu kidogo. Usiorudi nyuma ni ule uliopita motoni. Kijana wa sekondari, hata awe mkavu vipi, hajapita motoni, na Strickland mwenyewe ni shahidi.

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa moto wa namna nyingine. Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili, na Pittsburgh ilikuwa miongoni mwa miji iliyowaka kwa ghasia. Mwaka huo huo Strickland, naye angali mwanafunzi wa chuo, alipata msaada wa kanisa, akafungua katika nyumba moja ya mtaa wake karakana ndogo ya ufinyanzi aliyoiita Manchester Craftsmen's Guild, yaani chama cha mafundi wa Manchester. Mapema katika miaka ya 1970 alikabidhiwa pia Bidwell, chuo cha kufundisha kazi watu wazima wasio na ajira, na tangu hapo taasisi hizi mbili zimekwenda pamoja, mzazi akijifunza kazi na mtoto akijifunza sanaa chini ya uongozi mmoja.

Jambo lililomtofautisha mtu huyu na wafadhili wengine lilidhihirika mwaka 1986. Mwaka huo kiwanda kikubwa cha chuma cha Homestead kilifungwa, na mji ulikuwa ukihesabu waliopoteza kazi; na katika mwaka huo huo likasimama Manchester jengo la futi za mraba 62,000, lililosanifiwa na Tasso Katselas, ambaye baadaye alisanifu pia jengo la uwanja wa ndege wa Pittsburgh. Lina nuru ya jua inayomiminika ndani, samani za mbao zilizochongwa na fundi hodari, maua mabichi, chakula kizuri, na ukumbi wa muziki ambao wapiga jazi wakubwa wa Marekani wamepigia; kinanda na ngoma zilizorekodiwa mle zimekwenda mbali, na sahani ya bendi ya Count Basie iliyonakiliwa katika ukumbi huo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1997. Strickland alipoulizwa sababu ya kuweka fahari hii yote katika mtaa wa mafukara, jawabu lake siku zote limekuwa kwamba watu huja kuwa kama wanavyotendewa, na kwamba ukimjengea mtu jela utapata mfungwa.

Hapa naomba ruhusa ya kusema habari zangu. Miaka mingi iliyopita nilifundisha uchoraji, siku mbili kwa juma baada ya alasiri, katika shule moja ya mwambao nisiyoitaja. Vifaa tuliletewa sadaka: makasha mawili ya rangi zilizokauka kwenye vifuniko, brashi zilizonyonyoka, na karatasi zilizokwisha kuchapwa hesabu za ofisi upande mmoja. Nilizipanga mezani kwa furaha, nikidhani nimefanikiwa. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi, aliinua kibati cha buluu, akakigeuza, akanitazama.

“Mwalimu, hizi walibakisha nani?”

“Ni zawadi, mwanangu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Lakini walibakisha nani?”

Sikuwa na jawabu. Alichora, kwa kuwa alikuwa na adabu, lakini kabla ya mwezi kwisha hakuja tena, na wengi walimfuata. Kwa muda mrefu niliwalaumu wao kwa kukosa shauku. Nilipokuja kusoma habari za Pittsburgh ndipo nilipofahamu kwamba mtoto yule alikuwa amesoma ujumbe wa brashi zile kwa usahihi kuliko mimi: kwamba saa ile ilikuwa saa ya makombo, na yeye alikuwa mtu wa makombo. Wala sisemi kwamba lazima kuwe na jumba la futi elfu sitini. Brashi tatu mpya na karatasi safi zingalitosha kusema neno jingine.

Sasa kazi yenyewe huendaje? Huko Marekani shule za sekondari hufunga mapema, aghalabu kati ya saa nane na saa tisa mchana, na kutoka saa hiyo hadi mzazi arudipo kazini kijana ni wa barabara. Karakana ya Manchester humpokea katika muda huo pasipo ada, akachagua ufinyanzi, upigaji picha au usanifu wa michoro, na wanaomfundisha ni wasanii wanaoishi kwa sanaa hiyo, si walimu waliopangiwa kipindi cha ziada. Jambo hili si dogo. Kijana anatambua mara moja tofauti kati ya mtu anayeeleza kazi na mtu anayeifanya, na huyu wa pili humstahi hata asipomwelewa.

Lakini msimamizi aliye stadi kuliko wote katika karakana ya ufinyanzi ni udongo wenyewe. Chombo kilichofinyangwa Jumatatu lazima kifunikwe kwa plastiki ili Jumatano kiwe kimekaza kiasi cha kukwanguliwa kitako. Mwanafunzi asipotokea Jumatano, Ijumaa atakikuta kimekuwa kigumu, na hakuna mwalimu wa kumlalamikia. Kisha chombo hukaushwa kabisa, kwani kikiingia tanuri kina maji ndani, maji hugeuka mvuke, na mvuke hukipasua, tena hupasua na vya jirani. Hebu fikiri hali ya kijana ambaye haraka yake imevunja kazi za wenzake wanne, naye amesimama mbele ya tanuri iliyofunguliwa, vigae mkononi. Sijaona kanuni ya shule inayofundisha mahudhurio na subira kwa lugha ya wazi namna hiyo. Kwa hiyo, msomaji wangu wa Tanga akisema kwamba chungu hakimfundishi mtoto hesabu, namkubalia. Lakini chamfundisha kuja Jumatano, na hesabu haifundishiki kwa mtu asiyekuja.

Ama matokeo, hapa yafaa tuwe waangalifu. Wasimulizi wa programu za namna hii hupenda kutuonyesha vijana waliofaulu, wakasahau kuuliza kama kijana anayejipeleka mwenyewe kwenye sanaa kila jioni hangalifaulu vyovyote. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northwestern walijaribu kuliondoa tatizo hili kwa mpango ule wa Chicago, kwa kuwachagua waombaji kwa bahati nasibu, wengine wakaingia na wengine wakabaki nje, kisha wakalinganishwa. Faida iliyoonekana ilikuwa katika mwenendo, vijana walioingia wakipungukiwa na vitendo vya utovu wa adabu. Katika alama za darasani tofauti ya maana haikuonekana. Wapo waliokata tamaa kwa habari hizo. Mimi naziona ni za kweli na za kuheshimika, maana hakuna aliyewahi kudai kwamba gurudumu hufundisha aljebra, isipokuwa waandishi wa maombi ya fedha.

Na fedha ndiyo sehemu ninayotofautiana na Strickland. Yeye ni mtu wa biashara kama alivyo msanii. Amejenga nyumba ya vioo ya kukuzia maua ya okidi, amerekodi muziki, amepokea mwaka 1996 heshima na fedha za wakfu wa MacArthur, na amesaidia kuanzishwa kwa vituo kama chake katika miji mingine, hata Akko, huko Israeli, ambako vijana wa Kiyahudi na wa Kiarabu hukaa darasa moja. Yote haya ni mazuri. Lakini taasisi inayosimama juu ya ufasaha wa mtu mmoja huleta wasiwasi, kwani watu wenye ulimi wa kumfungua tajiri mkoba ni wachache, na mitaa kama Manchester ni mingi. Chicago ilichagua njia nyingine, ya kuufungamanisha mpango na serikali ya mji na kuwalipa vijana posho, kwa kuwa kijana maskini asiyelipwa jioni huitwa kazini na nyumba yake mwenyewe, akauze au alee. Njia ile nayo hutegemea nani ameketi kiti cha meya. Ningelazimishwa kuchagua, ningechukua jengo la Pittsburgh na posho ya Chicago, na najua kwamba hakuna mweka hazina ambaye angenipitishia.

Makala ijayo, inshallah, itatuvusha bahari hadi Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, jirani ya jalala la Dandora, ambako tangu mwaka 2008 vijana hufundishwa fidla na tarumbeta. Huko hakuna maua ya okidi, na swali la msichana wangu wa kidato cha pili linaulizwa kwa namna nyingine, kwani kila fidla iliyotoka mbali ilikuwa ya mtu kabla haijawa ya mtoto.