Fataki zikilipuka, mbwa wako atakimbilia wapi?

Desemba 31, saa sita usiku. Uko Makutano, Meru, na washikaji wako, simu ziko juu, kila mtu anarekodi fataki. Nyumbani umemwacha Simba akiwa amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba, kama kila usiku. Unarudi alfajiri, unapiga mluzi, kimya. Mnyororo uko, kola imebaki hapo imekatika, mbwa hayuko.

Wengi tukifika hapo tunasema mbwa ni mwoga, au ni mjinga. Mbwa wa ulinzi anakimbiaje kelele? Lakini hebu jiweke mahali pake. Sikio lako linasikia mawimbi ya sauti hadi takriban hezi 20,000. La mbwa linafika karibu 45,000, na linanasa sauti hafifu ambazo wewe huzisikii kabisa. Halafu hajui leo ni mwaka mpya. Kwake, mbingu zimepasuka bila sababu, na shingo yake imefungwa kwenye mti.

Mnyororo ndio unaoumiza zaidi. Mnyama aliyeogopa hutaka kufanya moja kati ya mambo mawili: kukimbia au kujificha. Ukimfunga umemnyima yote mawili. Atavuta hadi ajinyonge, au akate kamba atokee barabarani, na unajua vile magari hupita kwa barabara kuu ya Embu kwenda Meru usiku. Akiponea magari, atazurura na mbwa ambao huenda hawajachanjwa. Akibanwa mahali akamuuma mtoto wa watu, sasa hiyo ni kesi ya kichaa cha mbwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kama chanjo yake ya mwaka imepita, anza na hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Na si fataki tu. Ukiishi upande huu wa Mlima Kenya unajua mvua za Oktoba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei, huja na radi zinazotikisa madirisha. Sasa tazama kibanda cha mbwa wako. Paa ni mabati, sivyo? Mvua kubwa ikinyesha, mle ndani ni kama mtu anamwaga kokoto kichwani pake. Tandaza magunia mazito juu ya hayo mabati, uyafunge yasipeperuke, na uweke matambara mengi ndani. Ni kazi ya nusu saa.

Kuna pia yule jamaa wa boda boda anayezima na kuwasha injini akiteremka mlima ili pikipiki ilipuke kama bunduki. (Sijawahi kuelewa raha yake.) Kuna spika za krusedi, na uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja na magari yake ya kampeni. Meru iliandaa sherehe za Madaraka uwanjani Kinoru mwaka 2018, Embu ikaziandaa uwanjani Moi mwaka 2023. Kelele za aina hii zina tarehe. Ukijua tarehe, una nafasi ya kujipanga.

Siku yenyewe, mtembeze mchana hadi achoke vizuri. Mpe chakula mapema, mtoe akojoe kabla ya giza, kisha mwingize ndani. Ndiyo, ndani ya nyumba, hata kama mzee wako husema mbwa ni wa nje. Mwambie ni usiku mmoja. Choo, stoo, chini ya meza, popote pasipo na dirisha kubwa panatosha. Funga pazia. Washa redio, iwe Muuga FM ama Wimwaro FM, kwa sauti ya kawaida ili milipuko isisikike peke yake. Mlango wa chumba uache wazi, achague mwenyewe pa kulala. Kama una bedsita, eneo la chini ya kitanda ni lake usiku huo. Na kwenye kola andika namba yako ya simu kwa kalamu isiyofutika.

Utaambiwa usimbembeleze, eti utamzoesha uoga. Si kweli. Hofu si tabia anayoifanya ili apate zawadi. Akija kukuegemea, mwache, mguse taratibu, ongea naye kwa sauti yako ya kila siku. Akitaka kujificha, usimvute. Kumpiga au kumfokea ndiko kunakomfunza kwamba radi huja na kiboko.

Kazi kubwa lakini hufanywa wiki nyingi kabla. Tafuta rekodi ya fataki kwa simu yako. Icheze chini sana, kiasi kwamba anainua sikio tu na kuendelea na shughuli zake, na papo hapo umpe kitu kitamu: omena chache, au kipande cha matumbo. Dakika tano, basi. Kesho tena. Baada ya siku kadhaa ongeza sauti kidogo. Ukimwona anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo, anahema au mkia umeingia katikati ya miguu, umeenda mbio. Rudisha sauti chini. Wengi hushindwa hapa kwa sababu wanataka matokeo Jumamosi moja. Radi ni ngumu zaidi kuliko fataki, maana spika ya simu haitoi ule mngurumo wa chini unaosikika kifuani. Ukiwa na spika kubwa, itumie.

Kama bado ni mtoto, una bahati. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na mbili, mbwa huzoea mambo mapya upesi kuliko wakati mwingine wowote. Mzoeshe sufuria, pikipiki na mvua polepole, kila kimoja na chakula.

Mbwa mzee ambaye hakuwa akiogopa kisha ghafla ameanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maumivu ya viungo ambayo hujayaona. Daktari pia anaweza kutoa dawa ya kutuliza hofu kwa wale wanaojikojolea au kujiumiza wakitafuta njia ya kutoka. Usichukue vidonge vya shosho. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumdhuru vibaya.

Na kama unasoma hii wakati Simba ameshatoroka, toka alfajiri kabla magari hayajawa mengi. Uliza wahudumu wa boda boda na walinzi wa usiku, wao ndio huona nani amepita. Ukimwona, usimkimbize wala kumwita kwa kelele. Chuchumaa, geuka upande, tupa omena chini na umngoje.