Hakimiliki na Jukwaa la Shule (2): Tafsiri Nayo Ina Mwenyewe

Wiki iliyopita nilieleza maana ya hakimiliki. Leo naanzia hapa Al Wakrah, mji wa pwani kusini mwa Doha, kwa jambo lililotupata sisi wazazi tuzungumzao Kiswahili. Zilibaki siku tisa watoto wetu wapande jukwaani na Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili. Kanzu za waheshimiwa wa mahakama zilikwisha pigwa pasi, na mizani ya kupimia ile ratili ya nyama inayodaiwa mchezoni tuliiazima kwa muuza viungo sokoni. Ndipo uongozi wa shule ulipouliza: barua ya ruhusa iko wapi?

Tulijibu upesi kwamba Shakespeare alifariki mwaka 1616. Ni kweli, na tamthilia zake leo ni za kila mtu. Lakini watoto hawakukariri Kiingereza cha Shakespeare. Walikariri Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, kilichochapishwa mwaka 1969, na tafsiri ni kazi yenye haki yake. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Sheria ya Qatar, Namba 7 ya mwaka 2002, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hesabu hiyo inafika 2049. Wala mtu asidhani kitabu cha Dar es Salaam hakina ulinzi huku Ghuba: Qatar na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Berne.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba tulipolipia vitabu tumelipia na mchezo. Kitabu ni cha kusoma. Kuuigiza mchezo mbele ya watu ni haki nyingine, na kuurekodi ni nyingine tena, nasi tulikwisha waahidi bibi za watoto, walioko Tanga, video.

Hata mwenye kibali mkononi huweza kukwama. Mwaka 2019 vikundi vya ridhaa Marekani, vilivyokwisha lipia leseni ya kuigiza To Kill a Mockingbird, vilisimamishwa na mawakili wa Scott Rudin, mtayarishaji wa onyesho la Broadway la hadithi hiyo hiyo. Lawama zilipozidi, Rudin aliwaruhusu watumie mchezo wake, ulioandikwa na Aaron Sorkin. Naona uchungu kwa wale waliokwisha jenga majukwaa.

Sisi tulimwandikia mchapishaji, maana ndiye anayejua warithi wanapatikana wapi. Tulitaja ukumbi, idadi ya viti, usiku mmoja tu, bila kiingilio, na tukaomba kurekodi. Barua ya namna hii ipelekwe kabla ya mazoezi, si baada ya kanzu kupigwa pasi.

Siku tisa hazikutosha kungoja jibu. Mizani tukairudisha sokoni, na watoto wakaigiza hadithi waliyoitunga wenyewe. Chini ya jina la mchezo tuliandika majina yao wote kumi na wawili, kwa kuwa haki ya mchezo ule ni yao.